Apdeti Imekuharibia Programu? Hivi Ndivyo Unarudisha Toleo la Zamani kwa Linux

Saa nne usiku. Klayenti anataka video yake kesho saa mbili asubuhi. Jioni ulikuwa mahali kuna waifai ya bure, ukaona wacha uapdeti mashini yote mara moja, usikule bando. Sasa umefika keja, umefungua programu ya kuedit, inawaka sekunde mbili inajizima. Unarudia. Inajizima tena. Na jana ilikuwa inapiga kazi fiti kabisa.

Hapo ndio wasee wengi hufanya kosa. Wengine wanaingia mtandaoni wanadaunlodi faili ya kwanza wanayoona. Wengine wanachomoa Linux yote wanaanza upya usiku wa manane. Tulia, buda. Toleo la jana halijafa. Liko mahali, na mara nyingi unaweza kulirudisha kwa dakika chache kama unajua pa kuangalia.

Siri ya hii mambo ni vitu vinne: jua namba kamili ya toleo lililokuwa linafanya kazi, lilete kutoka kwa wenyewe, lifungie lisiapdetiwe tena, halafu kumbuka kulifungulia. Wengi hufanya vitatu wakasahau cha nne, na hicho ndicho huwarudia. Twende pole pole.

1. Kwanza shika mshukiwa

Usiseme tu "apdeti imeniharibia." Apdeti moja inaweza kubeba pakeji mia. Ni gani haswa? Kama uko kwa Ubuntu, Linux Mint ama Debian, mashini yako huandika kila kitu kwa daftari lake. Fungua terminali uchape:

grep " upgrade " /var/log/dpkg.log

Kila mstari utakupea tarehe, saa, jina la pakeji, toleo la zamani, halafu toleo jipya. Hiyo namba ya kwanza kati ya zile mbili ndio unatafuta. Inakili mahali, yote vile ilivyo. Ukiona kitu kama 4: hapo mwanzo ama -0ubuntu4 hapo mwisho, usikate. Hizo ni sehemu ya namba, na ukiacha hata nukta moja, mashini itakwambia hakuna kitu kama hicho.

Kama daftari hilo halina kitu, inaweza kuwa limeshazungushwa. Cheki pia /var/log/apt/history.log na zile faili za karibu yake zenye mwisho wa .gz. Hizo unazisoma na zless.

Jambo lingine: mshukiwa si lazima awe ile programu inayozima. Inaweza kuwa draiva ya kadi ya picha, ama laibrari ndogo ambayo hujawahi kusikia. Angalia kila kitu kilichoingia saa hiyo hiyo.

2. Uliza mashini programu ilitoka wapi

Hapa ndio watu hupoteza masaa. Programu inaweza kuwa imeingia kwa njia ya apt, ama Snap, ama Flatpak, na kila moja ina njia yake ya kurudi. Kwa mfano, tangu Ubuntu 22.04, Firefox inayokuja na mashini ni Snap. Ukiihangaisha na apt utazunguka hadi kesho.

Chapa hizi tatu uone programu yako iko wapi:

apt-cache policy jina-la-pakeji
snap list
flatpak list

Ile ya kwanza ndio tamu zaidi. Inakuonyesha toleo lililoko ndani, toleo ambalo apt ingependa kuweka, na chini yake orodha ya matoleo yote ambayo mashini inajua, pamoja na mahali kila moja linatoka. Kama toleo lako la zamani liko kwa hiyo orodha, una bahati. Ruka hadi namba 4.

3. Mbona halionekani?

Hii inachanganya wasee wengi, kwa hivyo wacha tuiweke wazi. Ghala la Ubuntu, ile tunaita repo, haliweki kila toleo. Linaweka lile lililokuja siku Ubuntu hiyo ilitoka, na lile la mwisho kabisa la apdeti. Yaliyopita katikati yanaondolewa kwa rafu. Kwa hivyo kama programu yako imeapdetiwa mara tano, utaona la kwanza na la tano. La nne, lenye ulikuwa unatumia jana, halipo kwa orodha.

"Si nitalipata kwa kashe?" Pengine. Faili zinazodaunlodiwa hupita kwa /var/cache/apt/archives. Lakini kuna mtego: ukitumia amri ya apt, inafuta faili ikishamaliza kuinstall. Ukitumia apt-get, inaziacha hapo mpaka uzifute mwenyewe. Kama bando lako ni la kuhesabu na unataka kuwa na akiba, zoea apt-get. Cheki tu nafasi ya diski mara kwa mara, kwa sababu hilo folda hunenepa.

4. Kushusha toleo kwa Ubuntu, Mint na Debian

Kama namba iko kwa orodha, amri ni hii:

sudo apt install jina-la-pakeji=namba-ya-toleo

Lakini usiichape hivyo kwanza. Anza na jaribio, kwa kuongeza -s:

apt install -s jina-la-pakeji=namba-ya-toleo

Hiyo -s inafanya maigizo tu. Hakuna kitu kinaguswa. Soma kwa makini kile inasema itashusha na kile inasema itatoa. Ikisema itashusha pakeji moja ama tatu zinazofanana majina, poa. Ikisema itatoa vitu arobaini, na kati yake ni desktopu yako yote, simama hapo hapo. Si utani, kuna watu wamejibu "y" bila kusoma wakabaki na skrini nyeusi na maandishi meupe.

Kama inalalamika kwamba pakeji nyingine inataka toleo jipya, maana yake hizo mbili hutembea pamoja kama mapacha. Zishushe zote kwa amri moja:

sudo apt install moja=toleo mbili=toleo

Mara nyingi mapacha hao wana jina moja na mkia tofauti, kama -common, -data ama -bin, na wote wana namba ile ile ya toleo.

5. Kama halipo kwa orodha, nenda kwa makumbusho

Kuna mahali matoleo ya zamani huwekwa, na wenyewe ndio wanaziweka. Huna haja ya tovuti za kubahatisha.

Launchpad ndio nyumbani kwa pakeji za Ubuntu. Ingia launchpad.net/ubuntu, tafuta jina la pakeji, fungua historia yake ya kuchapishwa, utapata matoleo yaliyopita. Chagua lililotengenezewa Ubuntu yako, halafu la aina ya mashini yako. Laptopu nyingi ni amd64, hata kama prosesa ni ya Intel. Daunlodi ile .deb, halafu:

sudo apt install ./jina-la-faili.deb

Hiyo ./ hapo mbele usiisahau. Bila hiyo, apt itadhani unataja pakeji ya kwa repo. Na usitumie dpkg -i kama huna sababu, kwa sababu hiyo haikutafutii vitu vingine pakeji inavyohitaji.

Halafu kuna snapshot.ubuntu.com. Hii inaweka picha ya repo nzima vile ilikuwa siku na saa fulani, kuanzia tarehe 1 Machi 2023. Kwa Ubuntu 24.04 kuenda juu, apt inaielewa moja kwa moja. Unaipea tarehe tu:

sudo apt update --snapshot 20250115T000000Z
sudo apt install jina-la-pakeji=toleo --snapshot 20250115T000000Z

Hiyo herufi Z mwisho inamaanisha saa za UTC. Sisi huku Kenya tuko mbele masaa matatu, kwa hivyo ukitaka repo vile ilikuwa saa tisa alasiri yetu, andika saa 12 ya mchana.

Wasee wa Debian wana snapshot.debian.org, ambayo ina picha za kuanzia 2005. Hapo unaunda faili /etc/apt/sources.list.d/zamani.list na kuweka mstari kama huu:

deb [check-valid-until=no] https://snapshot.debian.org/archive/debian/20240301T000000Z/ bookworm main

Hilo neno la katikati ya mabano linaambia apt isijali kwamba karatasi za repo hiyo zimepitwa na tarehe. Piga apt update, shusha pakeji yako, halafu futa hiyo faili. Usiiache hapo ikae mwaka mzima.

Na kama Ubuntu yako yenyewe ilishakufa, yaani haisapotiwi tena, utaona apt update inaleta makosa ya 404. Repo zake zilihamishiwa old-releases.ubuntu.com. Za Debian ziko archive.debian.org. Hizo zinaweza kukusaidia kuinstall kitu cha haraka, lakini hakuna anayeziba mashimo ya usalama huko. Chukua unachohitaji upange kuhama.

6. Wenye wako Fedora na Arch

Fedora wamerahisisha maisha. Jaribu kwanza:

sudo dnf downgrade jina-la-pakeji

Ama uangalie historia yote na dnf history, uchukue namba ya ile apdeti iliyoleta ngori, uifute kama haikuwahi kutokea:

sudo dnf history undo namba

Shida ni ile ile ya Ubuntu: repo ya apdeti haiweki matoleo ya katikati. Likikosekana, Fedora wana Koji, mahali pakeji zao zote hutengenezewa, na matoleo ya nyuma huwa unayapata huko.

Arch nao hawafuti kashe yao ovyo. Angalia /var/cache/pacman/pkg, pengine toleo la jana liko hapo limelala. Unaliamsha hivi:

sudo pacman -U /var/cache/pacman/pkg/jina-la-faili.pkg.tar.zst

Kama ulishafagia kashe, nenda archive.archlinux.org. Unaweza kutafuta kwa jina la pakeji ama kwa tarehe. Lakini jua hii: Arch hawasapoti mashini ambayo nusu ni ya leo na nusu ni ya mwezi jana. Shusha pakeji moja kama dawa ya maumivu, si kama maisha.

7. Snap na Flatpak: hapa ni mteremko

Snap huacha toleo lililopita kwa diski yako. Kurudi ni amri moja, na hutumii hata MB moja ya bando:

sudo snap revert jina

Ukitaka isijiapdeti tena usiku ukiwa umelala:

sudo snap refresh --hold jina

Flatpak nayo unaangalia historia kwanza, unachukua ile namba ndefu ya toleo unalotaka, halafu unaiambia irudi hapo:

flatpak remote-info --log flathub jina-kamili-la-programu
sudo flatpak update --commit=namba-ndefu jina-kamili-la-programu

Na ukitaka ikae hapo, kuna flatpak mask.

8. Fungia, lakini usitupe ufunguo

Umeshusha, programu inafanya kazi, video imeenda, klayenti amelipa. Wiki ijayo unaapdeti tena, na ile toleo bovu inarudi. Ndio maana unafungia:

sudo apt-mark hold jina-la-pakeji

Kwa Fedora ni dnf versionlock. Kwa Arch unaandika jina kwa mstari wa IgnorePkg ndani ya /etc/pacman.conf.

Sasa skiza hapa, kwa sababu ndio sehemu ngumu. Pakeji iliyofungiwa haipati chochote. Haipati mapambo mapya, na haipati pia dawa za usalama. Ukifungia brauza miezi sita kwa sababu hukupenda rangi ya menyu, umeacha mlango wa keja wazi miezi sita. Weka kikumbusho kwa simu. Baada ya wiki mbili hivi, uliza mashini ni nini umefungia:

apt-mark showhold

Cheki kama kosa limerekebishwa, halafu fungulia:

sudo apt-mark unhold jina-la-pakeji

9. Kisa cha xz: siku dunia yote ilirudi nyuma

Kama unadhani kushusha toleo ni mambo ya watu wanaoogopa mabadiliko, kumbuka Machi 2024. Kuna kifaa kidogo kinaitwa xz, cha kubana faili, na kiko karibu kila Linux. Tarehe 29 Machi, Andres Freund, msanidi wa PostgreSQL anayefanya kazi Microsoft, alitangaza kwamba ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma. Mtu angeweza kuingia kwa mashini ya wenyewe kupitia SSH.

Alijuaje? Aliona kuingia kwa SSH kumekuwa kuzito kwa karibu nusu sekunde, na prosesa inatumika kuliko kawaida. Nusu sekunde! Wengine wetu hata hatungeshtuka. Yeye akachimba hadi akakuta uozo. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa ametumia zaidi ya miaka miwili akijenga uaminifu kwa huo mradi hadi akapewa funguo.

Dawa ya haraka ilikuwa nini? Kurudi nyuma. Lakini Debian walikuwa na shida moja: apt ya kila mtu hufuata namba kubwa, haishuki yenyewe. Kwa hivyo wakatoa pakeji yenye jina la ajabu: 5.6.1+really5.4.5-1. Kwa nje namba imepanda, kwa ndani ni ile 5.4.5 ya zamani. Ukiona neno "really" kwa namba ya toleo siku moja, sasa unajua kuna mtu alirudi nyuma kwa heshima.

Na kuna somo la pili. Wenye walikuwa kwa Debian ya kawaida, ile imara, hawakuguswa. Matoleo hayo mabovu yalikuwa yamefika kwa zile za majaribio na zile za kukimbilia mapya. Si kila kipya ni cha kukimbilia, lakini pia si kila cha zamani ni salama. Cha muhimu ni kujua uko na toleo gani na kwa nini.

10. Wakati hufai kurudi nyuma

Kuna vitu haufai kugusa. libc6 ni moja. Karibu kila programu kwa mashini yako imesimama juu yake, na ukiishusha kwa nguvu unaweza kubaki na mashini ambayo hata terminali haifunguki. Debian wenyewe huwa hawasapoti kushusha matoleo rasmi. Pakeji moja ndogo huenda poa, mfumo mzima ni kujitafutia.

Keneli usiishushe kwa mikono, kwa sababu ya zamani kwa kawaida bado iko. Washa mashini ukishikilia Shift, ama ubonyeze Esc kwa laptopu nyingi za siku hizi, uingie kwa menyu ya GRUB. Chagua "Advanced options," halafu keneli ya chini yake. Kama waifai ama skrini imerudi, umeshapata mshukiwa.

Halafu deta yako. Programu mpya ikishafungua faili zako, inaweza kuwa imezibadilisha ziwe za mtindo mpya, na toleo la zamani likashindwa kuzisoma. Firefox, kwa mfano, tangu toleo la 67 hukataa kufungua profaili iliyotumiwa na toleo jipya zaidi. Faili za projekti za video na za 3D zina tabia kama hiyo. Kwa hivyo kabla ushushe chochote, tengeneza nakala ya projekti yako na ya folda ya programu hiyo ndani ya .config. Bakapu ya dakika mbili imeokoa kazi nyingi mtaani.

Na ya mwisho: usiokote .deb kwa tovuti usiyoijua. Pakeji ikiinstall, inaendesha amri zake kama mkubwa wa mashini, bila kukuuliza. Zile za kwa repo zimetiwa sahihi na apt inazikagua. Ile ya kuokota hakuna anayeikagua ila wewe.

Kwa ufupi, bana

Soma daftari ujue ni nini kilibadilika. Uliza kama ni apt, Snap ama Flatpak. Tafuta kwa orodha, halafu kwa kashe, halafu kwa makumbusho ya wenyewe. Fanya maigizo na -s. Weka bakapu. Shusha. Fungia. Weka kikumbusho. Fungulia.

Na siku nyingine, kama dedlaini ni kesho asubuhi, usiapdeti leo jioni. Hata kama waifai ni ya bure.